Mwizi wa Buluu ya Sultani

Hapo zamani, kabla mchanga haujaufunika mji wa Kisikani, palikuwa na Sultani aitwaye Faki, mtu mwema akishiba na mgumu akiwa na njaa, na taabu ya bwana huyu ni kwamba hakushiba kwa chakula cha kawaida. Wafalme wenziwe walipenda farasi, wengine vita, wengine kuoa. Yeye alipenda kamba koche, wale kamba wakubwa wa mwambani wenye magamba na masharubu marefu kuliko ya Waziri wake. Wala si kamba koche yeyote, bali wale wenye rangi za ajabu. Maana kamba koche wa Kisikani alikuwa wa kijani kilichofifia na madoadoa ya hudhurungi, ukimtazama haraka utadhani ni jiwe. Lakini mara moja moja, Mungu akipenda, hutokea wa manjano, hutokea mwenye madoa meusi na machungwa, hutokea hata aliyegawanyika katikati, upande huu rangi hii na upande wa pili rangi nyingine, kama mtu aliyeshonewa kanzu kwa vitambaa vya kuazima.

Basi Waziri wake, Mwidani, akamwambia, "Bwana wangu, umri wako uzidi. Kamba wa kawaida ni wa watu wa kawaida. Yafaa Sultani ale kisicholiwa na mtu mwingine."

Neno hilo likamwingia Sultani kama asali. Ikapigwa mbiu ya mgambo: kila kamba wa rangi ya ajabu atakayeingia katika dema, mtego wa kuvulia, la mtu yeyote ni mali ya Sultani, na atakayemficha, atakayemuuza ama atakayemla ni mwizi, na adhabu ya mwizi ni mkono wake wa kuume. Watu wakatii. Nani atatoa mkono kwa ajili ya kitoweo?

Sasa hapa nawe unisikilize vizuri, maana pana desturi moja ya mji ule ambayo usipoijua utadhani nakutungia. Kisikani mwanamume mwenye kilemba hakuvuka kizingiti cha jiko. Aliyevuka aliitwa mlamba mwiko, na jina hilo lilimfuata mpaka kaburini, likabaki likiwasumbua wajukuu. Wala chungu chenye masizi hakikutolewa mbele za wakubwa. Chakula kilitoka jikoni kimekwisha kupakuliwa na kufunikwa kawa, kikapokewa mlangoni, kikafunuliwa mbele ya bwana. Kule nyuma kilifanywa nini, na kabla ya hapo kilikuwa kitu gani, hapana bwana aliyejua wala aliyetaka kujua. Waziri Mwidani mwenyewe, na vitabu vyake vyote, alidhani mpunga huota mweupe vile vile unavyouona sahanini.

Mpishi wa jumba alikuwa mwanamke mjane, jina lake Bi Mashavu, naye alimlisha Sultani tangu hajaota ndevu. Mkono wake wa kuume ulijua chumvi bila ya kuonja. Aliitupa tu chunguni huku akizungumza mambo mengine. Na pale mlangoni pa jiko alishinda mtu mmoja aitwaye Chande, maskini wa kutupwa, hana shamba wala mnazi, mali yake kanzu moja na ulimi. Huyu hakuwa na kilemba, kwa hiyo hakuna aliyejali amesimama wapi. Alikula ukoko wa jumba lile, na Bi Mashavu alimpa kila siku kwa mkono wake mwenyewe, na kila siku alimsimanga.

"Wewe Chande, ukoko huo unakutosha kweli, au nikupe na chungu ukitafune?"

"Nipe, Shangazi. Meno ninayo, nilichokosa ni cha kuyatumia."

Ikawa ndiyo maisha yao, na hakuna aliyeyalalamikia.

Siku moja akanaswa kamba mweupe pepepe, rangi ya tui. Akaingia jikoni mweupe, akarudi juu ya sinia mweupe vile vile, na Sultani akamla akajilamba vidole mbele ya wageni. Haukupita muda, mwenye dema mmoja akavuta akakuta kamba wawili wa buluu, buluu ya nili, wote wawili ndani ya dema moja. Walipoletwa barazani watu wazima walisimama kama watoto. Sultani akamshika mmoja kwa mkono wake, akamfunga uzi wa dhahabu kwenye sharubu, akasema, "Huyu nitamla leo. Mwenziwe na akae katika birika la maji ya bahari mpaka nitakapomtamani."

Adhuhuri kawa likafunuliwa. Lo! Juu ya sinia amelala kamba mwekundu, mwekundu wa pilipili mbivu, na uzi wa dhahabu unaning'inia sharubuni.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Chakula, Bwana," akajibu mtumishi.

"Naona kuwa ni chakula! Buluu yangu iko wapi?"

Mtumishi akatazama chini ya sinia, kwa sababu aliogopa na hakujua pa kutazama. Waziri Mwidani akasogea, akamwinamia Sultani sikioni, lakini kwa sauti ambayo baraza zima lilisikia. "Bwana wangu, umeibiwa. Kamba wako ameliwa huko jikoni, wewe umeletewa wa sokoni. Na kwa ujeuri wao wamehamisha hata uzi wako."

Bi Mashavu akaitwa, akaja anajifuta nazi mikononi. Akasema, "Bwana wangu, kamba ndiye huyu huyu. Kamba akiingia katika maji ya moto huwa mwekundu, awe wa kijani, awe wa buluu, awe wa manjano. Ndivyo Mungu alivyomuumba."

"Wa manjano nao uliniletea wekundu," akasema Sultani polepole, kama anayekumbuka dhuluma ya zamani. "Nikanyamaza. Nikadhani ni pilipili."

"Na yule mweupe je?" akadakia Waziri. "Mbona aliingia mweupe akatoka mweupe?"

Hapo Bi Mashavu akakwama. Angeweza kutunga uongo, lakini hakuwa na mazoea nao. "Yule sijui, Bwana. Yule hata mimi nilishangaa."

"Mmesikia? Hajui!" Waziri akapiga makofi mara moja kama aliyeua mbu.

Sultani akawageukia wakubwa waliokaa barazani. "Nani kati yenu amewahi kumwona kamba akipikwa?"

Vilemba vyote vikainama. Kila mmoja akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Yasemekana alikuwapo mmoja aliyependa sana kukaa jikoni na mkewe, akimkunia nazi milango ikiwa imefungwa, naye alijua vizuri sana kamba huwaje. Lakini afungue kinywa aitwe mlamba mwiko mbele ya mji mzima? Akakohoa, akanyamaza.

"Waulizeni wanawake!" akasema Bi Mashavu. "Waulizeni wavuvi!"

"Wanawake watateteana," akasema Waziri, "na wavuvi ndio wanaowauzia. Mashahidi gani hao?"

Basi Sultani akatoa hukumu. "Ijumaa baada ya sala nitaletewa yule kamba wa pili. Awe amepikwa, awe ameiva, na awe na buluu yake ile ile. Akija mwekundu, mkono wa kuume wa Mashavu utakatwa. Na mtu yeyote anayejua buluu yangu imekwenda wapi, aje aniambie, nami nitampa atakachoomba. Akinidanganya, mkono wake utafuata." Bi Mashavu akachukuliwa gerezani na tui halijamkauka mikononi.

Chande alisikia habari akiwa pale pale mlangoni pa jiko, sahani yake tupu mkononi. Akaenda mbio mpaka ukuta wa gereza, palipokuwa na kidirisha cha nondo, akaita.

Bi Mashavu akaja dirishani. Neno lake la kwanza likawa, "Umekula?"

"Sijala, Shangazi."

"Sasa nani atakupa, mwanangu? Wale wasichana niliowaacha hawajui hata kukwangua chungu." Kisha akauinua mkono wake wa kuume hadi kwenye nondo. "Chande, nisikufiche, naogopa. Nikikatwa mkono huu, mimi nitakuwa nani? Nitashika mwiko na nini? Nitajifunga kanga yangu na nini? Ningeiba ningesema haya, ni haki yangu. Lakini sikuiba, wallahi, hata mguu wa kamba sikuonja."

"Hutakatwa."

"Wewe ni nani hata useme sikatwi?"

"Mimi ni mtu mwenye mikono miwili isiyo na kazi. Nikipoteza mmoja, huu mwingine pengine ndipo utakapopata ajira."

Bi Mashavu akacheka huku machozi yanamtoka. "Mpumbavu we! Toka hapa." Lakini alimshika vidole kati ya nondo, hakumwachia upesi. Chande akaondoka pale moyo unamuuma na tumbo linamuuma, na hakujua kipi kinazidi.

Akaenda moja kwa moja barazani. Walinzi walimfahamu, kwani mara nyingi Sultani alimwita ili amchekeshe baada ya chakula. Akaanguka magotini, akasema, "Bwana wangu, Mungu akuweke. Mimi najua buluu yako imekwenda wapi. Mwizi wake namjua, na makazi yake nayajua."

Sultani akainuka kidogo. "Mtaje."

"Sitaki kumtaja, nataka kumleta Ijumaa, umwone akiiba kwa macho yako. Ila nina maswali matatu, niwie radhi."

"Sema."

"Mwizi nikimleta, ndiye atakayehukumiwa, na si Mashavu?"

"Ndiye, hata akiwa mtoto wa mama yangu."

"Na ikidhihirika kuwa mwizi ametumwa na mtu, huyo aliyemtuma je?"

Hapo Waziri Mwidani hakungoja Sultani ajibu, maana sheria ndiyo iliyokuwa raha yake. "Aliyemtuma mwizi ni mwizi zaidi ya mwizi! Mkono wake ndio wa kwanza kukatwa. Awe mkubwa, awe mdogo, sheria ya Kisikani haina jicho."

"Ahsante, Bwana Waziri, maneno yako ni lulu," akasema Chande. "Na la mwisho. Mwizi wangu huyu ni mchafu mno, ana tabia mbaya, akiguswa anadhuru. Hawatamzuia mlangoni?"

Sultani akatikisa kichwa kwa fahari. "Tangu enzi za babu yangu, mlango wa baraza hili haujamzuia mshitakiwa. Mchafu na aje, mgonjwa na aje, mwendawazimu na aje. Kila anayeshitakiwa hana budi kusimama mbele yangu."

Chande akabusu zulia, akaenda zake. Watu wakamcheka njiani, wakamwambia, "Chande, uage mkono wako!" Naye akawapungia ule wa kuume, akasema, "Huu hapa unawaaga wenyewe."

Ijumaa ikafika. Sala ikaisha, baraza likajaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Bi Mashavu akaletwa, akakalishwa pembeni, mkono wake wa kuume ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mwenye kisu naye alikuwapo, anajifanya kutazama juu. Na hapo sauti ikasikika kutoka uani: "Pisheni! Mpisheni mwizi! Jihadharini, anauma!"

Akaingia Chande, na nyuma yake wapagazi wamebeba mti mabegani, na juu ya mti imening'inizwa seredani ya jikoni, lile jiko kubwa la makaa, limejaa moto unaotema cheche, nalo limezungushiwa mnyororo wa gereza, na kufuli juu yake. Alikuwa ameuzoa moto wote wa jumba, kule jikoni hakuacha hata kaa moja la kuwashia kiko. Nyuma yao kikaja chungu cha maji, cheusi ti kwa masizi, nacho kimefungwa shingoni.

"Simama hapo!" akapiga kelele mlinzi. "Seredani barazani? Umerukwa na akili?"

"Hii si seredani, ndugu yangu, huyu ni mshitakiwa. Na huyu mweusi ni mshiriki wake. Unataka kumzuia mshitakiwa mbele ya Sultani, nawe ulikuwapo alipoapa?"

Mlinzi akamtazama Waziri, Waziri akamtazama Sultani. Waziri akasema, "Bwana, masizi! Zulia! Chungu mbele ya kiti cha enzi, haijapata kutokea!"

"Bwana Waziri," akasema Chande, "umewahi kuona mwizi akiletwa amefukizwa udi?"

Watu wa ukutani wakacheka. Sultani hakucheka, lakini alikuwa amekwisha kutoa neno, na neno la Sultani mbele ya mji si mate ya kurudishwa mdomoni. Akasema, "Waachieni. Haya Chande, shitaka lako?"

Chande akasimama wima, akanyoosha kidole. "Mimi Chande, mla ukoko, namshitaki Moto, mkazi wa jikoni, kuwa ndiye aliyeiba buluu ya kamba wa Bwana wetu. Aliiba buluu ile, na kabla yake aliiba manjano. Naye hana toba, maana ukimpa nafasi ataiba tena sasa hivi. Naomba baraza hili limtazame. Naomba pasiwe na mtu wa kupepesa macho, kwani nyote leo ni mashahidi."

Baraza likavuma. Kamba wa pili akatolewa birikani, buluu yake inang'aa kwa maji, na Chande akamzungusha mbele ya wakubwa wote. "Mnamwona? Rangi gani?"

"Buluu," wakasema.

"Bwana Waziri, rangi gani? Sema kwa sauti, wewe ndiye msomi wetu."

"Buluu," akasema Waziri kwa shingo upande.

Chungu kikawekwa juu ya moto, maji yakaanza kuchemka. Sultani akajinyoosha kitini, hakuona vizuri, akajinyoosha tena. Kisha Sultani Faki bin Sultani, ambaye baba yake na babu yake hawakupata kuona chungu kinavyotokota, akashuka ngazi za kiti cha enzi, akakunja joho lake, akachuchumaa mbele ya chungu kama mama ntilie. Wakubwa walipoona Bwana amechuchumaa wakafanyaje? Nao wakachuchumaa, vilemba vikagongana. Chande akamtia kamba majini.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kwenye viungo vya miguu kukaingia wekundu kidogo, kama haya ya mwari. Ukapanda mgongoni. Buluu ikajikusanya, ikafifia, ikatokomea huku wanaitazama, na chini yake wekundu ulikuwa umejilalia tangu mwanzo, unangoja kufunuliwa. Aliyekuwa anamkunia mkewe nazi akasahau nafsi yake, akasema, "Si nilijua!" Kisha akajiziba mdomo, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikia.

"Bwana Waziri," akasema Chande, "nani amemgusa kamba?"

"Hapana aliyemgusa."

"Mashavu amesogea?"

"Hakusogea."

"Basi buluu imechukuliwa na nani?"

Waziri akatazama chunguni. "Na... na moto."

"Mmesikia," akasema Chande.

Lakini Waziri hakuwa mtu wa kuanguka peke yake. Akainua kidole. "Na yule mweupe? Mbona moto huu haukumwibia mweupe?"

"Ah, Bwana wangu!" Chande akajishika kanzu yake yenye viraka. "Mtu asiye na kitu, mwizi atamwibia nini? Mweupe yule hakuwa na buluu juu wala wekundu chini, alizaliwa fukara kama mimi. Mwizi akiingia kwangu usiku atanionea huruma, pengine aniachie chochote."

Hapo baraza zima likapasuka kwa kicheko, na hata mwenye kisu alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Bi Mashavu peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameukumbatia mkono wake, maana mtu aliyekwisha kuogopa kiasi kile hafarijiki kwa mzaha tu.

Waziri, ili ajionyeshe kuwa bado ni Waziri, akasema, "Basi Moto una hatia. Hauna mkono wa kukatwa. Umwagiwe maji, kesi iishe."

"Taratibu," akasema Chande. "Moto ni mwizi, sawa. Lakini moto hauendi wenyewe, hauna miguu. Lazima pana aliyemtuma. Na Bwana Waziri ametufundisha kwamba mkono wa huyo ndio wa kwanza."

"Mpishi!" akasema Waziri.

"Mpishi leo alikuwa gerezani, na buluu imeibiwa vile vile. Leo nimewasha mimi."

"Basi ni wewe!"

"Mimi nimeamriwa. Palikuwa na mtu hapa barazani, simtaji, aliyesema kwa kinywa chake, 'Nitaletewa kamba wa pili, awe amepikwa, awe ameiva.' Na juu ya yule kamba wa kwanza pia alisema, 'Huyu nitamla leo.' Mashavu hakuwahi kumtia kamba wa buluu motoni kwa hamu yake. Kila mara alitumwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

Kicheko kikakatika, hata makaa yakasikika yanavyopasuka. Macho yote yakamgeukia Sultani aliyekuwa bado amechuchumaa, naye akautazama mkono wake wa kuume kana kwamba ndiyo kwanza anaonyeshwa. Kisha, polepole, akauingiza ndani ya joho. Waziri Mwidani alikuwa amefumba macho, anaomba ardhi impasukie.

Mara mabega ya Sultani yakaanza kutetemeka, watu wakadhani ni ghadhabu, kumbe ni kicheko, kicheko kilichomjia kutoka tumboni mpaka akakaa chini kabisa, juu ya zulia lenye masizi. "Chande! Chande mwana wa hasara! Umenishitaki mbele ya mji wangu, na mashahidi nimekutafutia mwenyewe!"

"Sikukushitaki, Bwana. Mimi nimemshitaki Moto, wewe umetajwa tu."

"Na mkono wangu je?"

"Sheria ya mji huu, mwenye mali akisamehe, mkono umepona. Mali ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

"Nimesamehe!" akasema Sultani kwa haraka ambayo haikuwa ya kifalme. "Nimemsamehe Moto na chungu chake, nimemsamehe aliyemtuma. Mashavu yuko huru. Na mbiu ya kamba imefutwa, kila mtu ale anayemnasa. Nawe, Chande, umenionyesha buluu yangu ilikokwenda. Omba. Nyumba? Shamba? Nikuvike kilemba?"

Chande akamtazama Bi Mashavu aliyekuwa anainuka, anatoka bila ya kumuaga mtu, anarudi jikoni kwake kwa sababu hakujua pa kwenda pengine. Uso wa Chande ukabadilika, mzaha wote ukamtoka.

"Bwana wangu, umejisamehe mwenyewe, na hilo kila mtu analiweza. Mwanamke yule amelala gerezani akiuaga mkono wake. Sitaki kilemba. Naomba uende ukamwombe radhi, kwa kinywa chako, kule aliko."

"Kule... jikoni?" akauliza Waziri, na sauti yake ilikuwa nyembamba kabisa.

"Jikoni."

Sultani akatazama vilemba vyote vile, akautazama mlango wa nyuma. Akavua kilemba chake, akamkabidhi Waziri amshikie. Akaenda.

Yaliyosemwa mle ndani watu waliyasikia nusu nusu, kwa kuwa walijazana mlangoni mpaka kizingitini, ila hakuna aliyevuka. Bi Mashavu alikuwa amekaa juu ya kigoda chake. Sultani akasimama mbele yake, kichwa wazi, akasema, "Mashavu, nimekukosea. Niwie radhi."

Bi Mashavu akauweka mkono wake wa kuume juu ya goti. Kisha akasema, "Niliogopa, Bwana. Nilikulisha uji kwa mkono huu ulipougua ndui, mama yako amekata tamaa. Nikawa najiuliza kule gerezani, huyu mtoto kasahau? Uliniumiza, Bwana. Umeniumiza sana." Akautazama mkono wake, akaufungua na kuufumba. "Nimekusamehe. Lakini usinifanyie tena."

"Sitakufanyia," akasema Sultani.

Akatoka nje anajipangusa macho kwa ncha ya joho, mekundu yote mawili. Wakubwa wakampisha, hakuna aliyejua atazame wapi. Sultani akajikohoza, akasema, "Jiko lile lina moshi mkali."

"Mkali sana, Bwana," akasema Waziri Mwidani, akimrudishia kilemba. "Hata mimi huku umenifikia."

Na kutoka ndani ikaja sauti ya Bi Mashavu, ile ile ya kila siku: "Moshi gani, nanyi moto wangu bado mmeufunga mnyororo huko barazani?"